Bilioni Tatu za Gazetini na Elfu Saba za Mama Mdogo

Mwaka 2013 mama mdogo alinijia asubuhi, mahamri yangali kwenye karai, ameshika gazeti lililokunjwa mara nne. "Mwanangu, hebu nisomee taratibu. Ati kampuni yangu imenunuliwa bilioni tatu. Sisi tutapata nini?"

Kampuni "yake" ilikuwa AccessKenya, ya huduma za intaneti, iliyouza hisa kwa umma mwaka 2007 kwa shilingi 10 kila moja. Yeye alikuwa na hisa 500 tangu wakati huo. Mnunuzi alikuwa Dimension Data ya Afrika Kusini. Gazeti lilikuwa limempa matumaini makubwa. Jirani aliyesikia habari hiyo hiyo redioni naye alikuwa amemtia hofu, kwamba kampuni ikiuzwa wanyonge huachwa mikono mitupu. Alinifikishia yote mawili, na mimi sikuwa na jibu.

Tukashuka Mwembe Tayari, tukanunua magazeti mengine mawili, tukayatandaza yote mezani. Hapakuwa na lililodanganya. Moja lilitanguliza ile bilioni tatu, kwa kuwa ndiyo namba inayomsimamisha mpita njia. La pili lilishughulika na waanzilishi na mipango ya mnunuzi. La tatu, la biashara, ndilo lililokuwa na sentensi yetu, tena mbali chini: shilingi 14 kwa kila hisa. Nikapiga hesabu pembeni mwa gazeti. Elfu saba. Alikuwa ameweka elfu tano.

Gazeti hilo liliongeza kwamba 14 ni juu ya bei ya sokoni ya wakati ule. Kwa mama mdogo hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mjomba, aliyezinunua hisa hizo hizo zilipokuwa zaidi ya shilingi 20, maneno yale yale yalikuwa tangazo la hasara. Ndugu wawili, nyumba moja, sentensi moja.

Tangu siku hiyo sisomi habari ya kampuni ya teknolojia kununuliwa katika chombo cha habari kimoja tu, na hilo ndilo ninalomwomba kila mtu mwenye hisa, au mwenye kazi inayotegemea programu ya kampuni fulani. Kila chombo kina msomaji wake moyoni. Reuters hukupa mifupa ya habari: nani, kiasi gani, nani amesema. Bloomberg huangalia bei ya hisa, na mara nyingi hutangulia kutoa habari kabla ya kampuni zenyewe kusema, ikiwataja "watu wanaolifahamu jambo hilo". Ukiona maneno hayo, jua kwamba kuna mtu aliyetaka habari itoke, na hujui kwa nini. Financial Times hukaa sana kwenye masharti na wadhibiti, yaani mamlaka zinazoweza kuuzuia ununuzi. TechCrunch humfuata mwanzilishi na bidhaa yake. Business Daily yetu hugeuza mambo yakawa shilingi na humkumbuka mwenye hisa wa Kenya. Mimi huanza na Reuters, kisha natafuta wa pili anayemwandikia mtu kama mimi.

Mfano ninaoupenda ni ule wa WhatsApp, kwa sababu sote tunayo mkononi. Facebook ilitangaza kuinunua Februari 2014. Bei? Ukisoma bilioni 16 za dola, ni kweli. Ukisoma 19, ni kweli. Ununuzi ulipokamilika Oktoba mwaka huo, ilikuwa karibu 22, nayo ni kweli. Bilioni 4 zilikuwa taslimu na bilioni 12 zilikuwa hisa za Facebook: hizo ndizo 16. Bilioni 3 nyingine zilikuwa hisa za waanzilishi na wafanyakazi, za kutolewa kidogo kidogo kwa miaka minne: ndipo ikawa 19. Kisha hisa za Facebook zikapanda kabla ya makabidhiano, na sehemu iliyolipwa kwa hisa ikapanda nazo. Kwa hiyo namba mbili zikitofautiana, usikimbilie kusema fulani ni mwongo. Uliza wanalipa kwa nini, na thamani hiyo ni ya siku gani.

Siku zile zile Forbes ilieleza jinsi Jan Koum, mwanzilishi mwenza wa WhatsApp na mhamiaji kutoka Ukraine, alivyotia saini mkataba kwenye mlango wa jengo alikokuwa akipanga foleni ya msaada wa chakula. Habari hiyo ilinigusa na bado inanigusa. Lakini haikunieleza namba yangu ya simu ingefanywa nini. Swali hilo lilijibiwa polepole sana: mwaka 2016 WhatsApp ilibadilisha masharti ili iweze kuunganisha namba zetu na akaunti za Facebook, na Mei 2017 Tume ya Ulaya ikaitoza Facebook faini ya yuro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha wakati ununuzi ulipokuwa ukichunguzwa. Aliyesoma kurasa za fedha za siku ya kwanza pekee, hayo yalimpita.

Jambo jingine limenigharimu mwenyewe. Ninatengeneza tovuti, na kazi yangu yote iko ndani ya Figma, programu ya kuchorea muundo wa tovuti. Septemba 2022 nikasoma mahali kwamba Adobe, kampuni kubwa ya programu ya Marekani, "imeinunua" kwa dola bilioni 20. Nikaogopa bei itapanda, nikapoteza wiki mbili kuhamisha kazi za wateja kwenye programu nyingine. Chombo cha pili kingeniokoa. Adobe ilikuwa imekubaliana kununua, na hisa zake zilianguka takriban asilimia 17 siku hiyo hiyo kwa sababu wawekezaji waliona bei ni kubwa mno. Wadhibiti wa Uingereza na Ulaya walikuwa bado hawajatia neno. Desemba 2023 kampuni hizo mbili zikaachana, na Adobe ikailipa Figma dola bilioni 1 kwa kuvunja makubaliano. Kati ya "wamekubaliana" na "wamekamilisha" huweza kupita mwaka na zaidi, na wengine hawafiki.

Fuatilia pia mnunuzi ni wa nani. Dimension Data, iliyoinunua kampuni ya mama mdogo, yenyewe ilishanunuliwa na NTT, kampuni ya simu ya Japani, mwaka 2010.

Ukiwa na hisa, chombo kikubwa kuliko vyote ni waraka wa ofa unaopelekewa wenye hisa. Nenda kwa dalali wako wa hisa uuombe kabla ya kutia saini chochote, na usione haya kuketi pale uusome. Mama mdogo alikuwa na wake ndani ya bahasha ya kaki. Nilimsomea mara mbili barazani, nikitafsiri kila kifungu. Mara ya pili, nilipofika kwenye bei, alinikatiza akaimalizia mwenyewe, akaomba kalamu.