Mwalimu mpya wa muziki, tafuta sikio la pili

Mwalimu mpya wa Hisabati akikwama, anageuza kiti tu pale stafu. Hakosi mwenzake wa somo hilohilo. Wewe wa muziki umepangiwa Makete, Mufindi au Busokelo, huku Nyanda za Juu Kusini, unafika na kukuta idara nzima ni wewe. Mkuu wa shule hajui kama unafundisha vizuri au vibaya, anachojua ni kama kwaya iliimba siku ya mahafali. Hakuna wa kukuambia kwamba waimbaji wako wa sauti ya tena (tenor) wanashuka kila beti, wala wa kukupongeza wakiacha kushuka. Nimekaa na walimu wengi wa mwaka wa kwanza, kuanzia Iringa mpaka Tukuyu. Uhaba wa vinanda wanauzoea upesi. Upweke huo ndio unaowachosha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haupo darasani. Ukishapata chumba na godoro, tafuta mtu mwenye sikio. Huku kwetu hawajapungua. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri na Wakatoliki nao wakatandaa nyanda zote hizi, na leo kijiji cha mwishoni kabisa mwa barabara kina kwaya, pengine na tarumbeta juu. Mwalimu wa kwaya hiyo anaweza kuwa fundi baiskeli au mkulima wa viazi. Cheti hana, ila anasoma solfa (do, re, mi) kwenye daftari lililochakaa na kuwagawia watu sauti zote nne bila kugusa kinanda.

Nenda kwenye mazoezi yao, kaa nyuma, sikiliza. Salamu kwanza: kamwene ukiwa Iringa au Njombe, ugonile ukiwa Rungwe, na shikamoo usiibanie. Habari za chuo ulichosoma ziache mpaka uulizwe. Ukiambiwa uimbe besi, imba besi. Mkishazoeana, muombe aje shuleni asikilize kipindi kimoja, kisha muulize: "Mzee, wanapotea wapi?" Usimuulize "unaonaje?" Atakujibu "mmejitahidi sana, mwalimu", kwa heshima tu, na utabaki ulivyokuwa.

Mtafute pia mzee wa ngoma. Huko Rungwe na Kyela kuna ing'oma ya Wanyakyusa, na mwambao wa Ziwa Nyasa una ngoma ya mganda. Unyevu wa huku unalegeza ngozi ya ngoma mpaka inatoa sauti ya gunia, na anayejua ishikwe umbali gani na moto, na kwa muda gani, ni yeye. Mwache awaonyeshe wanafunzi mwenyewe. Usiende kwake mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha.

Hao wasikilizaji wakija, mara nyingi watakuambia jambo la kwanza hili: unaanzisha juu mno. Asubuhi ya Juni, baridi ya Njombe ikiwa mifupani, koo za watoto bado zimelala. Wewe unaanzisha pale ulipozoea na kwaya ya watu wazima, na kufika kiitikio wanapiga kelele. Kipimo cha bure ni wimbo wa taifa pale mstarini. Sikiliza nani kauanzisha, wapi, na ni mstari gani unaowakata pumzi. (Enoch Sontonga, aliyetunga tuni ya wimbo huo mwaka 1897 huko Afrika Kusini, alikuwa mwalimu wa shule na wa kwaya. Nawakumbusha walimu wapya hilo kila wanapoambiwa kazi yao ni ya kuchangamsha sherehe.)

La pili: unaimba mno. Mwalimu anayeimba pamoja na darasa mwanzo mpaka mwisho anajisikia yeye tu. Imba mstari, nyamaza, waache waurudie peke yao huku ukitembea kati ya madawati. Watayumba. Waache wayumbe kidogo, ndipo utajua nani anabebwa na nani anabeba. Na koo lako litafika Desemba.

Halafu kuna mvua. Ikinyesha juu ya bati, kipindi cha masomo mengine kinasimama, watu wanatazamana. Wewe una njia. Mchungaji Mwingereza John Curwen, aliyeieneza solfa katika karne ya 19, aliipa kila sauti ishara ya mkono, na Zoltán Kodály wa Hungaria akaziingiza kwenye ufundishaji wake. Do ni ngumi usawa wa kiuno. Mi ni kiganja kilicholala, kinatazama chini. So ni kiganja kinachokutazama wewe mwenyewe. Anza na hizo tatu. Darasa likishazishika, ligawe pande mbili: mkono wako wa kulia unaongoza walio dirishani, wa kushoto walio ukutani. Kulia kunapanda so, kushoto kunabaki mi. Watoto tisini wanaimba sauti mbili bila wewe kufungua mdomo, na hata mvua ikiwafunika kabisa, macho yao yapo mkononi mwako na somo linaendelea. Kinanda cha betri chenye midundo ya tayari kiache kabatini muhula mzima wa kwanza. Najua kinapendwa. Kinapendwa kwa sababu kinafanya kazi ambayo watoto walitakiwa kuifanya.

Wavulana wa kidato cha pili msiwatoe kwenye kwaya eti sauti zimeharibika. Sauti inashuka karibu oktavu nzima, yaani kutoka do mpaka do ya chini yake, na kwa miezi kadhaa mwenyewe hajui itatokea wapi. Mpe besi ya sauti mbili tu, do na so ya chini, asimame karibu na mkubwa mmoja aliyekwisha kutulia. Akichekwa siku hiyo, usitegemee kumwona tena akiimba.

Ya ratiba nayasema haraka. Andika azimio la kazi na maandalio kama wengine, ukaguzi ukija usionekane mgeni. Mwalimu wa taaluma akitaka kipindi chako kipewe Fizikia, mpe mara moja, na siku hiyohiyo kubalianeni lini kitarudi. Weka nyimbo tatu za akiba zilizoiva muda wote, maana utaambiwa Alhamisi kwamba mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta mkondo wa amali (mafunzo ya ufundi na vitendo) sekondari, na sanaa zimo. Usome vizuri kabla hujaingia kikao cha kugawana vipindi.

Na kama ulipo hakuna kwaya wala mzee wa kukufaa, una simu. Iweke dirisha la nyuma, rekodi beti moja, mtumie uliyesoma naye aliyepangiwa wilaya nyingine. Mkubaliane iwe kila Ijumaa: wewe unamtumia moja, yeye anakutumia moja, kila mmoja anataja sekunde ambayo sauti iliteleza. Beti moja tu. Ukimtumia wimbo mzima hatausikiliza, bando ni lake.