Hukumu ya Kutazama Onyesho la Sarakasi Lililorekodiwa

SWALI: Assalamu alaykum, Shehe wangu. Mimi ni mke wa mtu, naishi Ngamiani, Tanga. Shemeji yangu ametuletea kwenye flashi onyesho zima la sarakasi la kundi la Cirque du Soleil la Kanada, lililorekodiwa ukumbini. Hamna wanyama wanaoteswa wala matusi. Ni watu wanaorukia bembea, wanaopanda kamba na kupindua viungo, huku kisa kikiigizwa na muziki ukipigwa. Wanawake wamevaa nguo za kubana na baadhi ya wanaume wako vifua wazi. Watoto wamelipenda mno. Baba mkwe, ambaye tunaishi kwake, ametukataza kwa kuwa wachezaji wale wanajitia katika maangamizi. Mume wangu anasema hii ni picha tu, si watu. Nani kati yao amepatia?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila mmoja ana sehemu ya haki, mama, na ndiyo maana swali lako linahitaji kupambanuliwa.

Mchezo wa nguvu na wepesi wa mwili si haramu kwa dhati yake, wala kuutazama si haramu. Imepokewa katika vitabu viwili vya hadithi, Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya Msikiti wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na Bibi Aisha akawatazama huku Mtume akimsitiri, mpaka akachoka mwenyewe. Na Sayyidna Umar alipotaka kuwazuia kwa kuwarushia changarawe, Mtume alimwambia awaache. Kwa hiyo hatuwezi kuikataa sarakasi, ambayo hata Bagamoyo vijana wetu wanafundishwa katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kwa sababu tu ni mchezo na watu wanaufurahia.

Hoja ya baba mkwe inatokana na kauli ya Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 195: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo." Ni hoja nzito, na imeshatokea kwa kundi hilohilo kwamba mchezaji mmoja alianguka akafariki wakati wa onyesho mjini Las Vegas mwaka 2013. Hata hivyo wanazuoni wetu wa Kishafii, akiwemo Imam Ramli, walikwisha kuizungumza michezo ya hatari, wakasema inajuzu kwa aliye hodari wa kazi yake ambaye dhana iliyo kubwa ni kwamba atasalimika, na hapo kumtazama pia kunajuzu. Mchezaji aliyefunzwa kwa miaka mingi, aliyefungwa kamba ya usalama au kutandikiwa wavu, anaingia katika sharti hilo, na ajali ya nadra hailiondoi. Anayejirusha bila ujuzi wala kinga ili watu washangae ndiye anayeguswa na aya, na kumshangilia ni kumsaidia katika kosa lake.

Maneno ya mumeo yanahitaji uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu wapo waliofutu kuwa kutazama sura ya mwanamke katika kioo au majini si sawa na kumtazama mwenyewe, na wanazuoni wa zama zetu wengi wameijengea picha ya video juu ya msingi huo. Lakini fatwa hiyo ilifungwa kwa sharti: pasiwe na matamanio wala kuchelea fitina. Mimi naona sharti hili ni zito zaidi kwenye video kuliko kwenye kioo, kwa sababu kamera humsogeza mtazamaji karibu kuliko aliyelipa kiti cha mbele ukumbini, na mwenye rimoti anaweza kusimamisha picha na kuirudia apendavyo. Mwanamume anayeyajua macho yake azipitishe mbele haraka sehemu zenye wanawake waliovaa nguo za kubana. Amri ya kuinamisha macho katika Suratun Nur, aya ya 30, imemlenga yeye, na neno "picha tu" halimwondolei wajibu huo.

Nawe pia inakuhusu, kwani aya inayofuata inawataja waumini wanawake. Imam Rafii, wa madhehebu yetu ya Kishafii, alijuzisha mwanamke kuutazama mwili wa mwanamume wa kando, yaani asiye mumewe wala maharimu wake, isipokuwa baina ya kitovu na magoti, pasipo fitina. Imam Nawawi, wa madhehebu hayohayo, akasahihisha kuwa ni haramu, na habari ya Bibi Aisha akaieleza kuwa aliutazama mchezo wao, si miili yao. Kwa kuwa hapa ni picha, sikuhukumii uharamu ikiwa macho yako yako kwenye mruko na ustadi wake, lakini ukihisi nafsi inavutwa kwingine, zima.

Kuhusu muziki, wanazuoni walio wengi wanakataza ala za nyuzi na za kupuliza, basi nyamazisheni sauti. Ustadi wa viungo utaonekana bila ya sauti. Tena muulizeni shemeji alikolitoa onyesho hilo, maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mwaka 1988 kwamba haki za watungaji zinalindwa kisharia na haifai kuzivamia. Ikiwa ni nakala ya wizi, lifuteni na mtafute ya halali.

Watoto msiwaache peke yao na onyesho hili, kwani mtoto akiona mtu anapaa atajaribu kutoka juu ya kabati au mwembe, na Mtume amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Na lisiwashwe baina ya Magharibi na Isha likawapotezea swala.

Maadamu mnaishi kwa baba mkwe, msiliwashe nyumbani kwake bila ridhaa yake, hata katika yale niliyosema yanajuzu. Mumeo ndiye amwendee, amsomee kwa adabu maneno haya ya wanazuoni, na mzee akibaki na rai yake, aheshimiwe. Wallahu aalam.