Kabla ya Kugombania Nani Atoe Uboho

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba limfoma ya mumewe, yaani saratani ya mfumo wa limfu, imerudi, daktari ametaja kupandikiza seli shina, zile seli mama za uboho zinazotengeneza damu, na sasa ukoo mzima unazozana nani atoe uboho. Dada yangu, waambie watulie. Kwa limfoma kali iliyorudi, mara nyingi mtoaji ni mgonjwa mwenyewe.

Na seli hizo si dawa ya saratani. Kinachoua saratani ni kemo nzito, nzito kiasi cha kuteketeza na uboho. Seli zilizovunwa na kugandishwa mapema hurudishwa ili damu ianze kutengenezwa tena. Kwa hiyo usiulize "lini?" Uliza: ugonjwa wake unasikia dawa? Kwanza hupewa mizunguko michache ya kemo, kisha hupigwa picha. Uvimbe ukigoma kunywea, upandikizaji huwa mateso makubwa kwa faida ndogo. Utafiti wa PARMA wa 1995 ulichukua wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umesikia kemo. Baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 12 ya walioendelea na kemo ya kawaida. Takwimu hizo nilizikariri kama sala.

Kama ugonjwa ulirudi kabla ya mwaka kutimia tangu matibabu ya kwanza yaishe, ulizia pia CAR-T, ambapo seli za kinga za mgonjwa hufundishwa maabara kuwinda limfoma. Kwa kundi hilo, utafiti wa ZUMA-7 uliipa ushindi dhidi ya upandikizaji. Shida ni kuipata.

Mimi nilipandikizwa. Sindano za kusukuma seli ziingie kwenye damu ziliniuma nyonga mpaka nikalala nimekaa. Mashine ya kuchuja ilinichukua saa kadhaa, nesi akifukuzia angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wangu. Wakati melfalani, mojawapo ya dawa za kemo nzito, inaingia nilitafuna barafu bila kusimama, meno yakifa ganzi, maana baridi hupunguza vidonda vya mdomo. Jirani yangu wodini aliitema, na baadaye hata maji yalimshinda. Siku yenyewe haina shamrashamra: mfuko ukayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, ukaingia mshipani, na koo likajaa ladha ya kitunguu saumu. Ni ile dawa ya kuhifadhia seli. Chumba kilinuka hata wageni wakashangaa.

Wageni wenyewe wachache. Kaka yangu, aliyetangaza kwenye kundi la familia kwamba angenipa uboho wake, alipoambiwa hautakiwi hakuonekana mpaka nywele zilipoota. Bado inaniuma. Ndugu wa wagonjwa, mkitaka kutoa, nendeni benki ya damu! Mpaka seli zishike, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu, mgonjwa huishi kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, za watu asiowajua. Na mje mmenawa mikono. Mwenye mafua abaki kwake. Mapenzi ya maneno hayapandishi kinga.

Dada, kabla ya kemo hiyo mwulize daktari kuhusu kuhifadhi mbegu za uzazi, maana baadaye huenda zisipatikane. Na mjiandae kwa chanjo: kinga za utotoni hufifia, hivyo hurudiwa kuanzia miezi 6 hadi 12 baadaye. Zile za virusi hai, kama ya surua, husubiri takriban miaka 2.