Dereva mzoefu naye afundishwe

Wamiliki wengi wa magari wakiniletea madereva wa kufundisha huanza kwa kunionyesha leseni na kunitajia miaka ambayo kila mmoja amekaa barabarani, kana kwamba wananiomba radhi kwa kuwaleta watu wanaojua kazi. Mimi hao ndio ninaowataka. Kijana aliyetoka chuoni juzi bado anaiogopa barabara. Aliyeizoea njia ya Singida hadi akaijua kila kona, ameshaacha kuiangalia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka. Kati ya kila vifo 100, 92 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nazo zina takribani asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Barabara nyembamba, magari chakavu na hospitali zilizo mbali vyote vinachangia, na Serikali ina wajibu wake. Ila dereva anayeondoka Dodoma alfajiri ya leo hawezi kusubiri hayo yatengenezwe.

Kwa hiyo naanza na macho. Namwambia dereva aendeshe huku akisema kwa sauti kila anachokiona na anachodhani kitafuata. Tukitoka mjini kuelekea Morogoro, wengi husema "kibao, tuta, bodaboda", halafu kimya. Nauliza: kaka, yule mchungaji kushoto, ng'ombe wake wengine wako wapi? Tukifika Chamwino anaanza kufunguka: "Kundi limegawanyika, ndama wamebaki ng'ambo, napunguza." Mtihani wenyewe uko Kibaigwa, malori ya mahindi yakiwa yamepaki huku na huku. "Lori limesimama lakini tairi za mbele zimekata kulia, huyu anataka kuingia. Naona miguu chini ya tela, kuna mtu atatokea." Dereva aliyefika hapo hatafuti tena breki ya ghafla, kwa sababu mguu umeshatoka kwenye mafuta kabla mtu hajatokea.

Nataka pia ajue saa ya hatari ya njia yake. Anayetoka Bahi kwenda Manyoni jioni, jua linampiga usoni, na muda huohuo mifugo inarudi nyumbani. Apunguze mwendo hata kama barabara imenyooka na tochi ya trafiki ya kupima mwendo haipo. Usiku kuna mikokoteni isiyo na taa wala viakisi, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, somo hili nalipa muda mrefu zaidi.

Kuhusu umbali na gari la mbele, nawafundisha kuhesabu sekunde. Gari la mbele likipita nguzo, anza: mia moja na moja, mia moja na mbili... Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde moja. Mwenye mzigo asifike kwenye nguzo ile kabla ya sekunde nne. Na mteremkoni, Sekenke au kwingine, gia ichaguliwe juu kabla ya kuanza kushuka. Breki ikikanyagwa mfululizo inapata moto na kuacha kushika, na anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta amejinyang'anya nguvu ya injini iliyokuwa inamzuia.

Jihadharini na mafunzo ya mbwembwe, yale ya kurudisha gari linaloteleza. Norway waliwahi kulazimisha somo la utelezi, na madereva vijana wa kiume wakapata ajali nyingi zaidi za utelezi, kwani walitoka pale wakijiamini kupita uwezo wao.

Sasa ndugu yangu mmiliki, nikuombe kwa moyo wote. Ukimlipa dereva kwa idadi ya safari, ukampigia simu akiwa kwenye usukani kumuuliza amefika wapi, fedha ya mafunzo umeitupa. Atafuata posho, na mimi simlaumu. Mpangie muda unaotosha kula na kulala. Kama ni basi lenye kifaa cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo, usingoje faini ndipo usome taarifa zake. Kaa naye kila wiki, muulize kwa nini pale Gairo alizidisha mwendo, na umsikilize.

Na kabla hujalipia mafunzo popote, uliza mambo haya: dereva atafundishwa kwenye gari la aina anayoendesha, likiwa na mzigo, na kwenye njia yake? Mwalimu atakaa naye barabarani kwa saa ngapi? Atarudi kupanda naye tena baada ya miezi mitatu? Wakikujibu kwamba ni siku moja darasani na cheti jioni, tafuta kwingine.