Ukitaka kuujua ukoo wa Kennedy, anzia kwa akina mama

Nimechora nasaba za watu wa historia kwa miaka mingi, na ukoo ninaoulizwa zaidi ni ule wa Kennedy wa Marekani. Kwetu Afrika Mashariki jina hilo lina mizizi. Mwaka 1960 Tom Mboya alimfuata John Kennedy, wakati huo akiwa seneta, hadi nyumbani kwao Hyannis Port, na mfuko wa familia ukatoa dola 100,000 kusaidia safari za vijana wetu kwenda kusoma Marekani.

Wengi wanaojaribu kuufuatilia ukoo huu hushika jina Kennedy peke yake, baba hadi mwana, kisha wakishangaa mambo hayaungani. Ninachowaambia siku zote ni hiki: kila unapoandika jina la mtu, andika na la mama yake na kwao alikotoka huyo mama.

Anza na Bridget Murphy. Mumewe, Patrick Kennedy, alitoka Dunganstown huko Wexford, Ireland, enzi za njaa kuu, akawa fundi mapipa East Boston. Alifariki Novemba 1858, mtoto wao wa mwisho, Patrick Joseph, akiwa hajatimiza hata mwaka. Bridget alibaki mjane na watoto wadogo kwenye nchi ya ugenini, akahangaika mpaka akawa na duka lake mwenyewe. Mwanawe huyo aliacha shule mapema akafanya kazi bandarini, baadaye akamiliki baa, na miaka ya 1880 akaingia bunge la jimbo la Massachusetts. Vitabu hupenda kuanzia kwa huyo mwana. Mimi naona aliyeisimamisha nyumba ni mama.

Kizazi kinachofuata ndicho cha kukaa nacho muda mrefu. Joseph, mtoto wa Patrick Joseph, alimwoa Rose Fitzgerald mwaka 1914. Rose hakutoka nyumba ndogo: baba yake, John Francis Fitzgerald, alikuwa amekaa Congress, bunge la Marekani, na amekuwa meya wa Boston mara mbili. John aliyekuja kuwa rais alipewa jina la huyo babu mzaa mama, ndiyo maana akaitwa John Fitzgerald Kennedy. Na hakurithi jina tu. Mwaka 1916 babu huyo aligombea useneti wa Massachusetts akashindwa na Henry Cabot Lodge. Mwaka 1952 mjukuu akagombea useneti wa jimbo lile lile dhidi ya mjukuu wa Lodge, aliyeitwa Henry Cabot Lodge vilevile, akamshinda. Miaka kumi baadaye Edward, mdogo wake John, akamshinda George, kitukuu wa yule Lodge wa kwanza. Ukifuata kwa akina baba tu, hadithi hiyo nzima inakupita, maana upande wa Kennedy huwezi kuona ugomvi ulianzia wapi.

Usiwaache mabinti wa Joseph na Rose walioolewa. Eunice aliolewa na Sargent Shriver, mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, shirika lililotuma vijana wa kujitolea mpaka Tanganyika mwaka 1961. Binti yao Maria aliolewa na Arnold Schwarzenegger, aliyekuja kuwa gavana wa California kwa tiketi ya Republican, chama pinzani na cha wakwe zake. Jean, aliyeolewa na Stephen Smith, alikuwa balozi wa Marekani nchini Ireland kuanzia 1993, nchi ileile waliyoikimbia wazee wake kwa njaa.

Na tafadhali msimruke Rosemary, dada yao mkubwa. Alizaliwa 1918 akiwa na ulemavu wa akili, na mwaka 1941 baba yake aliruhusu afanyiwe upasuaji wa ubongo uliomharibu kabisa. Akawekwa mbali na macho ya watu, na kwa miaka mingi familia haikumtaja hadharani. Kila ukoo una mtu wa namna hii, na chati isiyo na jina lake ni chati ya uongo. Isitoshe, bila Rosemary huwezi kueleza kwa nini Eunice alijitoa kwa nguvu zake zote kuanzisha Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, mwaka 1968.

Jambo la mwisho ni majina yanayojirudia. Joseph baba alimwita mwanawe wa kwanza Joseph Junior, aliyefariki vitani 1944 bila mtoto. Joseph wa Pili si mtoto wake. Ni mtoto wa Robert, mdogo wake John, na alipewa jina la babu na baba mkubwa. Joseph wa Tatu, aliyezaliwa 1980, ni mtoto wa huyo wa Pili, kwa hiyo ni kitukuu wa Joseph baba ingawa namba inamfanya aonekane mjukuu. Weka mwaka wa kuzaliwa kando ya kila jina, la sivyo utawachanganya. Huyo wa Tatu ndiye aliyeutaka useneti wa Massachusetts mwaka 2020, akashindwa na Ed Markey kwenye kura za mchujo za chama chao, katika jimbo ambalo John na Edward hawakuwahi kushindwa hata uchaguzi mmoja.