Kalitusi limeinamia jiko, nianzie wapi?

SWALI: Mzee habari ya siku nyingi. Nyuma ya nyumba yangu hapa Tororo kuna kalitusi refu, limeinama kidogo upande wa jiko. Mimi nataka liangukie kwenye muhogo. Nina shoka na kamba, jirani ataniazima pawaso, ule msumeno wa mashine. Naanza kukata wapi?
Msomaji, Tororo

JIBU: Ndugu yangu, hiyo "limeinama kidogo" ndo imenitisha. Mti unaenda kule uzito wake uliko, na vijana watatu na kamba hawalirudishi kalitusi lililokomaa, litawaburuza tu. Hilo mwachie fundi wa kupanda, alipunguze vipande vipande kuanzia juu. Bei itakuuma, lakini hata mabati ya jiko yanauzwa.

Mti uliosimama wima ndo unaweza kujaribu. Shika kijiti chenye urefu sawa na kutoka jicho lako mpaka ngumi ukinyoosha mkono, kisimamishe wima, rudi nyuma nyuma mpaka kifunike mti wote toka shinani hadi kileleni, hapo uliposimama ndipo kilele kitafika. Watu na mbuzi wakae mara mbili ya hapo, na watoto peleka kwa shangazi yao kabisa, maana hao mti ukilia tu wanakimbilia kuni.

Sasa kukata. Upande unaotaka uangukie kata mdomo, yaani pengo kama kabari, uingie kama robo ya unene, usizidi theluthi. Zunguka nyuma, kata kwa kimo cha vidole viwili juu ya pale mdomo ulipoishia, na hapa ndo wengi wanaumia: usikate ukatokeza! Acha kama sehemu moja ya kumi ya unene, hiyo ndo bawaba, mti unalala nayo kama mlango unaofungwa. Ukiimaliza, mti unajizungukia unavyotaka wenyewe au shina linakurudia kifuani. Ukiona unaanza kwenda ondoka mshazari kwa nyuma, si nyuma moja kwa moja, na hiyo njia uwe umeshaifyeka kabla hata ya kuwasha mashine.

Siku ya upepo lala tu. Kukiwa na nyaya za umeme karibu usiguse, waite UEDCL, watu wa umeme, kwanza. Na hiyo pawaso ya jirani, muulize breki ya mnyororo inashika? Akicheka, irudishe.