Leseni inakaribia kuisha na semina hujapata? Anzia wodini kwako

Dada uliyeuliza kutoka kituo cha afya daraja la tatu huku West Nile, Uganda, kwamba leseni yako ya ukunga inakaribia kuisha, saa za mafunzo hazijatimia na nauli ya kwenda semina Kampala huna: usikate tamaa. Nimekaa leba miaka mingi, na mafunzo yaliyonifaa kuliko yote niliyapata kazini.

Baraza la Wauguzi na Wakunga linataka tuhuishe leseni kila baada ya miaka 3 na tuonyeshe kuwa tumeendelea kujifunza. Ulizia ofisi ya afya ya wilaya namna ya kuandikisha mafunzo ya kituoni.

Sisi hukutana asubuhi zamu zinapopishana, nusu saa tu, na mada hutokana na yaliyotukuta wiki hiyo. Kuna mama alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, akapona. Kesho yake tukaulizana: traneksamiki, dawa ya kusaidia damu isiendelee kutoka, ilichelewa wapi? Ilikuwa stoo, na mwenye ufunguo hayupo. Tena wenzetu waliosoma zamani walifundishwa kuwa ni dawa ya mwisho, oksitosini, ile ya kukaza mji wa mimba, ikishindwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo: gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, mapema iwezekanavyo, isipite saa 3 tangu mtoto azaliwe. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu asilimia 10! Siku hiyo hiyo dawa ikahamia kwenye trei ya dharura, pamoja na sindano na kanula, kile kibomba cha kuingiza dawa mshipani.

Siku nyingine ni mazoezi ya ambu, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa kwa barakoa, tukitumia mwanasesere. Mtoto asiyepumua hata baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo anatakiwa aanze kupewa hewa ndani ya dakika 1 ya kuzaliwa. Barakoa isipokaa sawa kidevuni, hewa huvujia pembeni na kifua hakinyanyuki. Mkono usiofanya mazoezi husahau, hata uwe na diploma.

Linaloniuma ni semina kwenda kwa watu wale wale, na makabrasha kuishia kufungiwa kabatini. Anayepelekwa arudi afundishe wenzake wiki hiyo hiyo.

Wewe tafuta daftari: tarehe, mada, aliyefundisha, saini za waliohudhuria. Mkuu wa kituo akisitasita, anza na mkunga mwenzako wa zamu. Ukitaka orodha ya mada zetu, niandikie nikutumie.